Matete Juu ya Maji ya Hospitali

Yaya Faustin, kaka yangu,

Tangu tukuzike nyuma ya kanisa, haraka haraka, risasi zikisikika upande wa soko, sijapata kuketi nikuelezee mambo. Leo Bunia imetulia. Ninakuandikia nikiwa kwenye ukingo wa bwawa lako.

Unakumbuka watu walivyokucheka? Maji machafu ya hospitali yalikuwa yanasafishwa nusu tu kwenye matangi, kisha yanapita bwawani na kushuka hadi kijito ambamo mama zetu wanafua. Weye ulifunga bidoni tupu, yale madumu ya plastiki, chini ya mianzi, ukapanda matete juu, ukasukuma yaelee. Nilikuuliza, "Yaya, shamba juu ya maji?" Ukanijibu, "Mudogo yangu, ngoja mizizi ishuke. Hiyo ndiyo itakamata uchafu."

Halafu ukaenda bondeni kukata matete mengine. Hukurudi mzima.

Baada yako wakimbizi walijenga vibanda vya bashi, yale maturubai ya msaada, hadi karibu na bwawa. Bidoni zikaanza kupotea. Shamba moja likainama, matete yakazama. Nilienda kambini na hasira. Nikamkuta Mama Jeanne, aliyekimbia na wajukuu kutoka upande wa Marabo, akiwagawia maji ya kunywa kutoka bidoni yako.

"Iko yako?" akaniuliza.

"Ilikuwa ya kaka yangu. Amekufa."

Akainyanyua anirudishie. Yaya, mikono yangu ilikataa. Nikamwambia, "Bakia nayo, mama."

Kesho yake alikuja na wanawake wawili wamebeba vigogo vya migomba. Tulivifunga chini ya mianzi, na shamba likainuka. Vinaoza, tunabadilisha. Mmoja wao anasema lugha ya wale waliokupiga risasi. Siku moja aliniuliza ulikufaje. Nilimwambia. Akaendelea kukaza kamba upande wake, na mimi upande wangu.

Mizizi imeshuka, Yaya. Ukiiinua inatoka na tope jeusi, zito. Maji ya kijito si ya kunywa, lakini hayanuki tena, na wajukuu wa Mama Jeanne wamepona vipele.

Lala salama. Vita ikirudi nitakimbia kama wengine, sikudanganyi. Lakini nikiwa hai nitarudi hapa, nikate matete yaliyokauka, nipande mengine.

Mudogo wako,
Furaha