Bunduki Iliyokataa Kufunga

Murungu, Kibondo

Kwa kaka yangu Fidele,

Mwakeye, kaka. Nakusalimu wewe, namsalimu wifi yangu Divine, nawasalimu na watoto. Natumaini kifua cha yule mdogo kimetulia na baridi ya huko Kasulu, na kwamba mvua hizi zilizowahi hazijakuloweshea mbao. Sisi huku ni wazima. Mama anakula vizuri, ila goti linamsumbua akipanda kutoka mtoni. Maharage yamekubali. Mahindi, nyani wameshaanza kuyaonja kabla yetu.

Najua hupokei simu zangu, na sikulaumu. Nimeamua kuandika kwa sababu maneno haya hayafai kukatikia katikati. Nimempa barua hii mwalimu mwenzangu anayekuja huko, nikamwomba asimpe mtu mwingine ila wewe. Nakuomba kitu kimoja tu: usiichane kabla hujafika mwisho.

Mwanzo wa jambo hili unaujua. Tulipomzika baba, wewe ndiye uliyechukua bunduki yake ya mitutu miwili ukaipeleka polisi Kibondo, kama sheria inavyotaka mwenye leseni akifariki. Ulimletea mama karatasi ya mapokezi, ukarudi kwenye kazi zako. Sote tulidhani habari ya bunduki imekwisha.

Kisha akaja mtu anayeitwa Abdalah, kutoka Mwanza, mwenye viatu vinavyong'aa na sauti ya taratibu. Alisema ananunua vitu vya kale kwa niaba ya watu wenye vibali vya kuvihifadhi. Sikuelewa nani alimwambia kwamba marehemu Nestori wa Murungu aliacha bunduki. Nilipofika sebuleni nilimkuta baba mdogo Longinus ameshamkalisha kwenye kiti cha baba, wanacheka kama watu waliokwisha kuonana mahali. Abdalah alitueleza kwamba kama bunduki ile kweli ni ya Kimarekani, ya zamani kabla ya vita ya kwanza, basi ni mali ya maana. Lakini akatuonya tusifurahi mapema. Alisema Wabelgiji nao walitengeneza nyingi na kuzipa majina ya Kimarekani, na huku kwetu, jirani na Burundi na Kongo, ndizo zilizojaa.

Tulikwenda naye polisi. Koplo wa ghala la silaha akaileta, akaiweka mezani na kusimama kando yake. Abdalah akachomoa ule mti wa chini ya mitutu, akaitenganisha mitutu na kitako, akatoa kioo cha kukuzia. Mwanzoni alifurahi waziwazi. Alinionyesha kwamba hakuna ule muhuri mdogo wenye umbo la yai ambao Wabelgiji hupiga kwenye kila mtutu, na kwamba juu, katikati ya mitutu, limechongwa jina la mji wa Marekani. Alinionyesha chuma chenyewe, kilivyosokotwa kwa vipande viwili kama ukili wa mkeka, kisha kikagongwa hadi kikatoa michirizi kama maji yanayopita juu ya mchanga. Halafu akasoma namba kwenye bodi, kile chuma kinachoshikilia mitutu na kitako. Akageuza mitutu, akasoma namba ya chini yake. Kaka, niliona tabasamu likimtoka usoni kama mtu aliyefungua mlango akakuta si nyumba yake.

Nje ya kituo alisema ni takataka, bunduki mbili zilizoungwa zikawa moja, na kwamba angeichukua kwa kumhurumia mjane tu. Kisha akamvuta baba mdogo pembeni. Walinong'ona wakinitazama. Tukiwa njiani kurudi, baba mdogo akaniambia kwa sauti ya chini nimuulize aliyeipeleka polisi alipitia wapi.

Nilimshuku Abdalah, nikamshuku baba mdogo, na kuanzia pale, Mungu anisamehe, nikakushuku na wewe. Nilifunga safari hadi Kasulu kumtafuta Mzee Gharibu, yule bwana nyama mstaafu wa idara ya wanyamapori, aliyetoka Tanga akaoa huku akabaki. Ndiyo, kaka, nilifika Kasulu. Nililala gesti ya karibu na stendi. Asubuhi nilipita mbele ya duka lako la mbao, nikakuona umeinama unapima ubao, nikavuta kanga juu ya uso nikapita.

Mzee Gharibu alikubali kuja Kibondo. Yeye hakuwa na haraka. Alinieleza kwamba bunduki za aina hii hupigwa namba mahali patatu: kwenye bodi, chini ya mitutu, na ndani ya ule mti wa mbele. Yetu, bodi na mti vilikubaliana. Mitutu ilitofautiana kwa tarakimu ya mwisho tu, bodi ikiishia na nne, mitutu na tano. Akaiunganisha, akajaribu kuifunga. Wenzo wa juu wa kufungia haukurudi mahali pake. Akaielekeza dirishani, nikaona mwanga ukipenya kati ya mitutu na bodi. Alisema mafundi wa zamani walipachika kila mtutu kwa tupa na masizi ya taa, wakikwaruza kidogokidogo mpaka chuma kikabusu chuma, kwa hiyo hata bunduki pacha haikubali mitutu ya mwenzake. Mtu akiilazimisha, itampasukia usoni. Abdalah hakudanganya juu ya namba, alisema, amedanganya juu ya thamani, maana hata hivi ilivyo ina wa kuitaka. Lakini ingekuwa kamili, ingekuwa habari nyingine kabisa.

Halafu akasema neno lililonimaliza. Namba zinazofuatana hivi, alisema, ni bunduki mbili zilizonunuliwa na mtu mmoja siku moja. Aliyebadilisha mitutu hii alikuwa na pacha wake mkononi.

Nilipolileta neno hilo nyumbani, Mzee Gharibu akiwa nami, baba mdogo alipiga goti lake kwa kofi. Akasema pacha anamjua. Yule daktari Mmarekani wa misheni, ng'ambo ya mpaka, Burundi, ambaye baba yetu na baba yako mzazi walimfanyia kazi ya kufuata nyayo za wanyama wakiwa vijana, aliwaachia bunduki mbili za babu yake siku anaondoka, moja Nestori, moja Nsabimana. Basi mtoto wa Nsabimana ameirithi ya baba yake kwa siri, akasema, na njiani kwenda polisi amechukua mitutu mizuri akatuachia mibovu. Mzee Gharibu aliuliza kwa upole mtu angefaidika nini kuwa na bunduki mbili zisizofunga badala ya moja. Shaka ikishaingia ndani haipendi kuulizwa maswali.

Yaliyofuata unayajua, uliyasikia kwenye simu mbele ya ukoo mzima: mgeni, mtoto wa kuokotwa, nyoka aliyelelewa kifuani. Nilikuwepo. Sikusema hayo, lakini pia sikusema kitu. Ulipokata simu, baba mdogo alisema mwenye haki hakati simu, nami nikatikisa kichwa kukubali.

Siku hiyo mama alikuwa zahanati kwa ajili ya goti. Tulimficha tulichofanya. Lakini baba mdogo alipotangaza kwamba anakwenda kukushtaki, habari zikamfikia. Aliniita shambani, kwenye maharage, akaketi kwenye tuta akaendelea kupalilia kwa mkono huku ameketi. Akasema, bila kuniangalia:

"Aneth, ile mitutu niliibadilisha mimi."

Nilidhani uzee umeanza. Akaniambia nikae chini.

Alinieleza kwamba ule mwaka wa tisini na tatu, watu walipokuwa wanavuka mpaka kwa maelfu, baba yako alifika nyumbani kwetu na wewe mgongoni, na bunduki yake ndani ya gunia la mihogo mikavu. Mama yako alikuwa ameuawa. Aliyewaongoza wauaji alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Tulivyoambiwa sisi watoto, baba yako alirudi kumzika mkewe akafia njiani. Sivyo, kaka. Alirudi kumuua yule jirani. Baba yetu alimsihi asiende, akashindwa. Mwishowe akamsaidia. Walizifungua bunduki zote mbili uani wakazisafisha pamoja, maana risasi za baba ndizo zilizokuwa kavu, na walitaka kuchagua ipi ni nzima zaidi. Kisha wakaitwa msibani kwa jirani yetu wa hapa Murungu. Mama akabaki na vyuma vile juu ya mkeka.

"Alikuwa amesema atammaliza na watoto wake," mama aliniambia. "Alisema, kama walivyofanya kwangu. Alisema hivyo huku Fidele amelala mapajani mwangu."

Mama alikuwa amezipangusa bunduki zile miaka mingi, akijua kwamba kila moja humkataa mwenzake. Akachukua mitutu ya Nsabimana akaiweka kwa bodi ya Nestori, na ya Nestori akaifunga vizuri kwenye gunia la mihogo pamoja na bodi ya Nsabimana, bila kuunganisha, kwa sababu ilipaswa kuvuka mpaka ikiwa vipande. Asubuhi baba yako alikuaga. Mama alimpa uji wa njiani.

Hakurudi.

Baba yetu aligundua alipotaka kufukuza ngiri. Alimuuliza mama, mama akamwambia. Akaivingirisha bunduki kwenye blanketi na hakuwinda tena. Tulidhani ni macho. Kila mwaka alikwenda kulipia leseni ya bunduki isiyofyatuka, ili asiwepo mtu wa kuuliza kwa nini ameirudisha.

Kaka, kufikia hapo nilikuwa nimezoea kushuku kiasi kwamba nilimshuku hata mama. Nilidhani ametunga ili akuokoe. Nilimuuliza kama kuna shahidi. Akanitajia Mpawenimana, aliyevuka na baba yako kurudi ng'ambo na sasa analima Nyabibuye. Nilikwenda. Ni mzee mwenye mkono mmoja unaotetemeka. Sikumwambia lolote kuhusu mitutu. Nilimuuliza tu Nsabimana alikufaje.

Alisema walijificha migombani, mbele ya nyumba ya yule mtu. Alikuwa nje na wanawe, wanakula. Baba yako akaunganisha bunduki, ikakataa kufunga. Akailazimisha, ikakataa. Akachukua jiwe akaanza kuigonga. Mpawenimana alimshika mkono, akimwambia wanasikia. Baba yako akaacha, akaangalia ile namba chini ya mitutu kwa muda, akasema, "Nestori amenifunga mikono." Mpawenimana anaapa hakulisema kwa hasira. Lakini mlio wa jiwe ulikuwa umeshafika. Watu wakaja. Mpawenimana alikimbia, baba yako alibaki ameketi na bunduki magotini.

Nilimuuliza kama ingefyatuka angepona. Alinitazama kama ninauliza swali la kitoto. Alisema kilima kizima kilikuwa na mapanga. Kisha akafikiri, akasema labda. Nimekuandikia yote mawili, kwa sababu sina haki ya kukuchagulia.

Niliwaita wote waliokuwepo siku ya ile simu, nikawasimulia mama akiwa ameketi kati yetu. Baba mdogo alitaka kubisha, akaacha. Hapo ndipo alipokiri kwamba yeye ndiye aliyempigia Abdalah, wakiahidiana kitu. Hajakuomba radhi na sijui kama ataweza. Mimi nakuomba. Nilikuona mtoto mwenzangu tangu nimefungua macho, nikakubali kwa neno la mnunuzi kwamba wewe ni mwizi, kumbe mitutu uliyodaiwa kutuachia ilikuwa ya baba yako. Mitutu ile ni yako, kaka. Ndiyo kitu pekee cha Nsabimana kilichobaki upande huu. Nimemwambia Abdalah asirudi. Tutaamua na polisi pamoja nawe, ukitaka, au bila mimi, ukipenda hivyo.

Nisalimie Divine na watoto. Wanakwaya wanakuulizia, na yule jirani wa kwenye mti wa mwisho njiani anasema mlango uliomtengenezea haujapinda hata kidogo.

Mama nilimuuliza nimwandikie salamu gani. Amekataa. Amesema atakuja mwenyewe na basi la Jumamosi, goti au si goti, na usiende kumpokea kama moyo hautaki. Kuhusu utakavyomwita utakapomwona, mama au kwa jina lake, Josephina, amesema hilo nisilikuandikie wala nisikuombee, atalisikia akifika mlangoni.

Ni mimi dada yako,
Aneth Nestori