Aliyeigusa Kompyuta Mwisho

Mbinga,
Jumamosi, 14 Oktoba 2006.
Asubuhi ya ukungu; jua limeonekana saa tatu.

Mpendwa Mama mdogo Lidia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Liuli, na kwamba mguu umeacha kukusumbua. Sisi hatuumwi. Mama anakusalimu kutoka Litembo. Kahawa yake imekauka vizuri mwaka huu. Kabla ya mengine, naomba unijulishe kama mwanao Hyasinti amefika nyumbani. Aliondoka Jumamosi iliyopita bila kuniaga, na simu yake haipatikani. Kila gari la ziwani likiingia stendi natoka kuuliza.

Pengine amekwisha kukuambia kwamba amesimamishwa kazi hapa kituo cha mafunzo ya wakulima, tulipokuwa pamoja, yeye mhudumu na mimi karani. Nakueleza kwa mpangilio, kama nilivyoandika kwenye daftari langu.

Tarehe 3, mkuu wetu Bwana Nazari alinikabidhi kompyuta ya kuwaonyeshea wakulima picha za kupogoa kahawa ukutani. Alitaka kusimama karibu na ukuta na kuendesha picha kwa rimoti. Ndani ya boksi lake mlikuwa na vipokezi viwili vya kunasa ishara za rimoti, vidogo kama kiberiti, visivyo na jina. Nilichomeka kimoja, nikafungua orodha ya aina za vipokezi kwenye kompyuta, nikabonyeza rimoti. Kimya. Nikajaribu aina zote kumi na moja. Kwa kile cha pili, nilipofika aina ya nne, tarakimu zikaanza kutokea kwenye kioo kila nilipobonyeza. Nikaandika tarakimu za kila kitufe, kisha nikakipangia kazi yake: hiki kuanza, hiki kusimama. Nikakiweka kipokezi mbele ya kompyuta. Alhamisi jioni Hyasinti alichukua rimoti, akasimama mlangoni akijifanya Bwana Nazari, kitambi mbele. Tulicheka sana, na picha zilitii.

Ijumaa walifika wakulima arobaini. Bwana Nazari akabonyeza, picha haikusogea. Mzee Raimundi wa Ukata akauliza kama kompyuta nayo inasubiri posho, ukumbi ukaangua kicheko. Bwana Nazari akaniuliza mbele yao nani aliigusa mwisho. Nikamtaja Hyasinti, kwa kuwa ndiye mwenye funguo na ndiye aliyefagia asubuhi. Hyasinti akasema amefuta vumbi tu, akanitazama, akingoja mimi dada yake nimtetee. Mimi nikainamia daftari, na Bwana Nazari akamsimamisha kazi siku ile ile.

Mama mdogo, aliyeigusa mwisho ni mimi. Asubuhi ile, kwa ajili ya wageni, niliifunika kompyuta kwa kitambaa nilichodarizi, kama tunavyofunika redio nyumbani, nikakivuta kining'inie mbele ili maua yaonekane. Kikaziba kipokezi, nacho kikizibwa hakiipati rimoti. Siku ile sikujua. Nilijua Jumatatu, nilipokitoa kwenda kukifua na kubonyeza rimoti, tarakimu zikatokea zote. Ilinipasa kusema pale pale. Badala yake nilimwambia Bwana Nazari kwamba nimeitengeneza. Akanisifu mbele ya wenzangu, nami nikanyamaza siku tano, mwanao akiitwa mharibifu.

Leo mchana nimemweleza yote. Hakunifokea. Amesema Hyasinti arudi kazini, na tarehe 23, wakulima wale wale watakapokuja, nisimame niseme mbele yao nilichomfanyia. Nimekubali.

Nakuomba umsomee barua hii kwa sauti, usiruke neno. Asiponisamehe, arudi hivyo hivyo. Nafasi ni yake. Na kama hajafika kwako, nipelekee neno kwa Tobias, kondakta aliyekuletea barua hii, nianze kumtafuta.

Wasalimie majirani na wote wa kanisani. Nami nipokee kama mtoto aliyekukosea.

Mwanao,
Vitalia

Niliianza asubuhi, nimeichana mara mbili. Sasa ni saa saba na dakika ishirini usiku, nakwenda kulala.