Injini Iliyozimika Mkononi Mwangu

Mpendwa Njeri,

Habari za Eldoret? Hapa Mbotela sote tuko salama, na mamako kifua kimepoa. Umeniuliza ikiwa ni kweli, kama fundi alivyokuambia, kwamba oili chafu inaweza kulinyima gari nguvu mlimani.

Nilipokuwa fundi mwanagenzi katika gereji ya mjomba wangu, niliamini valvu, vile vilango vya kuingizia injini hewa, hufunguka kwa wakati uleule daima. Siku moja Mama Halima, muuza nguo wa Gikomba, akaleta gari lililoshindwa kupanda mlima. Mjomba akachomoa kichungi kidogo cha oili kilichojaa uchafu mweusi, akakisafisha, akakirudisha, akawasha injini. Akaniambia nipeleke umeme wa betri kwenye swichi inayofungulia oili njia ya kwenda kwenye valvu, ili tuipime.

Nilipogusisha waya, injini ilitetemeka, ikazimika. Mama Halima akashika kichwa. Nikauondoa waya upesi.

"Umeiua?" Mama Halima akaniuliza.

"Hajaiua," mjomba akajibu. "Oili imesukuma shafti, chuma kinachozungusha valvu, nazo zimefunguka mapema. Gari likiwa limesimama, hilo huinyima injini pumzi. Kwenye mlima, ndilo huipa nguvu. Kompyuta ya gari ndiyo huchagua wakati wa kuzifungua mapema."

Akaiwasha tena injini, na Mama Halima akaondoka akapanda mlima bila shida. Kitu nilichoamini hakisogei, yaani wakati wa valvu kufunguka, kilikuwa kikisogea, nami nilikuwa nimekiona. Nikaanza kujiuliza ni mangapi mengine niliyoyajua kimakosa vivyo hivyo.

Kwa hivyo fundi alikuambia kweli: oili chafu huziba kichungi, na valvu hazifunguki mapema mlimani. Badilisha oili, mpenzi, kisha unipigie ukifika juu ya mlima.

Shosho wako