Kikohozi cha Mama

Jumatatu, 20 Julai 1885

Baba katamka mezani, mdomo umejaa nyama ya kondoo: nikitwaa kombe la tenisi la wanawake wiki hii, nitakwenda Dublin na shangazi Hester kwenye mashindano makubwa. Nikishindwa, raketi yangu anapewa binamu, na mimi naenda Leeds kumsomea bibi magazeti. Basi! Kaka yangu Lionel akacheka — eti nitakanyaga gauni langu mwenyewe kabla sijafika wavuni. Ngoja tu.

Jumatano, 22 Julai

Nina hasira! Asubuhi Lionel alicheza. Mpira wa mpinzani wake ulipiga mstari wa chokaa, yaani umo ndani — chokaa iliruka, sote tuliiona! Kanali Pargeter, mwamuzi, akasema umetoka. Lionel akaipokea pointi. Akashinda. Kwenye chai wanaume wanampigapiga mgongoni: mwamuzi akishasema amesema, bwana!

Mchana zamu yangu. Kanali yule yule, kosa lile lile, safari hii la kunifaa mimi. Mara nasikia kikohozi chini ya mwavuli. Mama. Wanawake wote wakanigeukia. Ikabidi mpira uliofuata niupige wavuni makusudi, kurudisha pointi isiyo yangu, kama bibie mwenye malezi. Makofi! Na Lionel naye anapiga makofi, bila haya! Mechi nilishinda, lakini keki sikuigusa.

Alhamisi, 23 Julai

Mvua. Farasi wa kuvuta lile gogo la chuma la kusawazisha uwanja kavishwa viatu vya ngozi asije akachimba nyasi. Hata yeye anachungwa anavyokanyaga.

Ijumaa, 24 Julai

Naandika kwa penseli, ndani ya hema. Fainali imesimama. Seti ya mwisho, tumefungana, mpinzani wangu Constance Thirlby akapiga mpira mstarini kabisa. Chokaa ikaruka. Umetoka, akasema Kanali. Kipofu yule! Kwa hiyo sasa nahitaji pointi moja tu. Moja! Dublin! Hapo hapo mvua ikashuka.

Mama kaja na taulo. "Unajua la kufanya, mwanangu."

Nikamuuliza mbona Lionel hakukoholewa. Akasema Lionel ni mwanamume, na nisimletee ukaidi mbele za watu. Ebo! Kumbe chokaa nayo inajua nani kavaa suruali!

Halafu akaja Constance, nywele zinachuruzika maji. Nilidhani anakuja kudai pointi yake. Akaninong'oneza: "Nirudishie uone! Nikipewa kombe kwa kuhurumiwa nitakuchukia mpaka naingia kaburini. Wewe cheza, mwenzangu."

Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka kumtandika na raketi pia — maana sasa uamuzi ni wangu, sina hata wa kumsingizia!

Lionel kachungulia hemani, anatafuna sandwichi ya tango. Eti nisisahau adabu. Nimemrushia taulo la Mama usoni.

Jua limetoka. Kanali anatuita. Mpira bado sijaushika mkononi, na Mama ameshaanza kukohoa.