Gari la Baba Haliuzwi, Linatiwa Dizeli

Nyumba ya mwisho,
Nyuma ya mashine ya mbao.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Kifua chako kinaendeleaje na hiyo baridi? Kunywa vitu vya moto, uache kujifanya kijana. Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri, masikio tu ndiyo yanazidi kugoma. Goti langu linauma linapojisikia. Nyuki nao wazima, na hao ndio walionifanya nikamate kalamu.

Najua kaka mkubwa amekwisha kukupigia simu kukwambia kwamba dada yako amerukwa na akili. Basi keti, usikie na upande wangu.

Gari la baba haliuzwi. Naanza na hilo ili usisome barua yote ukingoja nilegee.

Injini yake ya petroli ilipopasuka bloku, kaka hakungoja hata moshi utulie. Alileta mnunuzi, bwana mmoja anayekusanya magari ya zamani na kuyapanga uani kwake kama vyombo vya kabatini. Bwana yule alilizunguka, akagonga boneti kwa ukucha, akaahidi kuling'arisha mpaka nisilitambue. Nikamwambia, "Baba aliliacha mikononi mwangu lifanye kazi, si litazamwe." Kaka akanikata jicho. Na wewe kwenye simu ukamuunga mkono, ukasema umri wangu ni wa kupumzika. Sijanuna, ila nilisikia.

Wakati mnanipumzisha, shamba kubwa la bondeni lilitangaza kwamba litanyunyizia dawa maua yakifunguka. Mizinga yangu yote ilikuwa mpakani mwa shamba hilo. Ilikuwa ama niihamishie kileleni, ama nifagie nyuki waliokufa. Njia ya kileleni unaijua, mawe na makorongo matupu. Malori hayapandi, na mwenye trekta kila akisikia neno nyuki anakumbuka ana msiba.

Nikaenda kwa Msumari, yule fundi mwembamba aliyelishika gari hilo tangu enzi za baba. Nikamwambia natafuta injini ya dizeli, yenye nguvu ya kuvuta mzigo polepole bila kuchemka. Kusema kweli, nilikuwa nimeshaipenda moja ya lori, silinda sita, kubwa kama jeneza. Msumari alicheka mpaka akashika ukuta. Akanieleza kwamba uzito ule ungekalisha springi za mbele, na giaboksi ya baba ingesagika meno mlima wa kwanza tu. Nikaiacha, ingawa roho iliniuma.

Kaka alipoona siuzi, akageuka mshauri. Alikuja gereji na viatu vyake vya kanisani kuipigia debe injini mpya ya kisasa, yenye turbo na kompyuta.

"Haina kelele, haili mafuta, na ina nguvu mara mbili," alisema. "Kama lazima uwe mkaidi, basi kuwa mkaidi wa kisasa."

Nakwambia ukweli, mdogo wangu, hakusema uongo. Hata Msumari alikubali kwamba injini ile ni nzuri. Lakini mimi nikauliza, "Na waya mmoja ukikatika kule juu?"

"Unapiga simu."

"Kule juu hakuna mtandao, kaka. Na dizeli ya kule inatoka kwenye mapipa, ina maji na mchanga. Kompyuta yako itainywa hiyo?"

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, akimenya chungwa. Akauliza tunagombania injini gani, kwa kuwa yeye anaisikia moja tu, nayo ni mdomo wa kaka yangu. Gereji nzima iliangua kicheko. Kaka akaondoka bila kuaga.

Nikachagua aina ya tatu: silinda nne, haina turbo, haina kompyuta, pampu yake ya dizeli inafunguliwa kwa spana. Ni nzito kidogo kuliko ile ya petroli, lakini springi zingeimudu kwa kuongezwa jani moja la chuma. Ina kelele na haina haraka. Nami sina haraka.

Kuipata ndiyo ilikuwa vita. Kwenye yadi ya magari yaliyokatwa, muuzaji alitupokea mimi na Msumari kwa tabasamu, akageuza ufunguo, injini ikaitika papo hapo. Nikaweka kiganja kwenye bloku. Ilikuwa ya moto.

"Hii mmeiamsha kabla hatujafika," nikamwambia.

"Mama, ni jua tu."

"Jua limeingia chini ya turubai?"

Injini ikiwa moto huficha ugonjwa wake, ndiyo maana Msumari alinionya nisikubali kuuziwa isipokuwa imelala baridi. Nikavuta ndoo, nikaigeuza, nikakaa. Muuzaji akadhani natania. Jua lilipopungua ndipo ikawashwa tena. Ilikohoa, ikatapika moshi wa buluu, na kifuniko cha oili kilipofunguliwa ikapumua kama mgonjwa wa pumu. Nikainuka, nikamwomba anioneshe nyingine. Ile ya pili, iliyolala kona chini ya milango mibovu, iliwaka baridi na kutulia. Hiyo ndiyo tuliyobeba.

Msumari alichonga bamba la chuma la kuiunganisha na giaboksi, akahamisha vyuma ambavyo injini hukalia, akaongeza jani la springi. Nami nilishika taa, nikakaza nati, nikakwaruza vidole vyote. Siku ya majaribio hatukufika hata kwenye daraja, maji yakachemka na kuruka. Kaka alikuwa amesimama pale barabarani kama aliyealikwa. Akasema, "Nilikwambia." Neno moja tu, mdogo wangu, na liliniingia kuliko miiba. Nilitamani kulia. Badala yake nilirudi yadini, nikatafuta rejeta ya kupozea maji ya gari la mizigo, pana zaidi, na Msumari akakata chuma mpaka ikaingia.

Alfajiri ya kuamkia unyunyiziaji, tuliziba milango ya mizinga kwa vitambaa, tukaipakia. Nilishika usukani mwenyewe. Nikaweka gia nzito, nikaondoa mguu kwenye klachi, na gari likaanza kutambaa. Mdogo wangu, halikukimbia, lilitembea. Kuna kuku alitupita kwenye kona ya kwanza. Lakini kwenye korongo lile baya, ambapo baba alikuwa akituteremsha tusukume, lilinguruma kwa sauti nzito ileile, matairi yakauma mawe, likatoka upande wa pili. Msumari alikuwa ananing'inia mlangoni akipiga kelele kama mtu aliyefunga bao. Mshale wa joto la injini haukutikisika.

Tulirudi kuchukua shehena ya pili, kisha ya tatu. Mashine za dawa zilipoanza kuvuma bondeni, nilikuwa kileleni nikifungua vitambaa. Nyuki walitoka wakiwa na hasira, wakanidunga shingoni na kwenye sikio, nami nikawaacha wadunge. Walikuwa hai.

Kaka bado hajanisemesha vizuri. Jana alipita, akalitazama gari, akasema linapiga kelele kama kinu cha kusaga. Nikamwambia kweli kabisa, tena nitalipitisha mbele ya dirisha lake kila nikienda mlimani. Mnunuzi naye alituma salamu kwamba bado analitaka. Nimemrudishia salamu, basi.

Mama anakusalimu, anasema uvae soksi. Msumari anakusalimu sana. Mwambie shemeji kwamba asali yake ipo, na wanao wabusu kwa niaba yangu. Mungu akulinde na huo ubaridi, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ukija, nitakupokea nalo stendi. Utakaa mbele, utafungua dirisha, na hutaniambia nipumzike. Kama hutaki, teksi zipo.

Dada yako, anayekupenda hata ukikosea