Albamu ya Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Mwanangu na mumewe walihamia kwangu "kwa wiki mbili tu, mama". Huu mwezi wa tatu wako hapa! Leo mkwe kaingia karakana yangu ya redio na albamu ya roki kwenye simu. Vijana wanne, wametoa mwaka huu huu, eti wanapiga kama wale wa zamani. Mimi roki ya zamani nimeisikiliza yeye hajaota meno. Haya, weka tusikie huo uigaji! Kaiunganisha na spika yangu bila kuuliza. Gitaa likanguruma, kinanda nyuma yake — na mkwaruzo, krr, krr. Nikazima. Spika imekufa hii, nikamwambia.

Jumatano, 6 Machi
Siku mbili nimefungua spika nzima. Nimelehemu waya upya, nimebadilisha koni yake ya karatasi. Mkwaruzo uko palepale. Leo mkwe kaja, mikono nyuma: samahani mama, ule mkwaruzo ni wa wimbo wenyewe. Wameuweka makusudi, wimbo usikike kama santuri ya zamani.
Makusudi! Miaka thelathini naondoa mikwaruzo kwenye vyombo vya watu, wao wanaipaka kama poda! Na aliniona siku zote mbili nikihangaika, kakaa kimya kwa heshima. Angekuwa wa kumzaa ningemrushia bisibisi. Mkwe humrushii kitu. Nikasema asante, baba.

Alhamisi, 7 Machi
Albamu ni nzuri. Basi, nimeandika. Wimbo wa nne nimeurudia mara sita, mlango nimefunga. Yeye asijue.

Ijumaa, 8 Machi
Mwalimu wa kwaya kaleta spika yake. Inapiga mluzi mwembamba, anasema, waimbaji wanashindwa kushika sauti. Nimeiwasha: mluzi hakuna! Watu wa kwaya nao, masikio ya kudeka. Nimeifuta vumbi, nimebandika karatasi: imepona.

Jumamosi, 9 Machi
Mkwe kanifuma nauimba ule wimbo wa nne. Meno yote nje! Kavuta kiti: mama, sikiliza mwisho wa wimbo wa saba, gitaa likinyamaza vinakuja vikengele, vyembamba sana. Nikasikiliza. Gitaa likanyamaza. Basi.
Umevisikia? Nikasema ee, vizuri.
Mwanangu akapaza sauti kutoka jikoni: jamani vile vikengele, vitamu! Jikoni! Kuta mbili!

Jumapili, 10 Machi
Mara kumi na moja nimeurudia wimbo wa saba. Sikio nimelibandika kwenye spika. Nimebadilisha hata ile spika ndogo ya ndani, ya sauti nyembamba. Nimevaa visikizio vya mwanangu. Kimya.
Spika nzima. Kibovu ni mimi. Nimelia kidogo, kwa hasira zaidi. Nani atampelekea redio fundi asiyesikia? Na sina kazi nyingine ninayoijua.

Jumatatu, 11 Machi
Mwalimu wa kwaya yuko hapa, kwenye stuli. Kawasha spika yake, kakunja uso. "Mama fundi, mluzi si huu hapa?"
Mkwe alikuwa kaniletea chai. Hakuitazama spika, kanitazama mimi. Kajua. Kisha kachukua bisibisi yangu: "Mwalimu, hizi ndogondogo mama huniachia mimi." Mwongo mkubwa! Hata balbu huyu hajawahi kubadilisha. Kainama nyuma ya spika, anazungusha kitu polepole.
Mimi nimeinamia daftari hili, najifanya naandika kazi za leo. Nikisema mluzi umekoma na haujakoma, kwaya nzima itajua sisikii kabla ya jioni. Nikisema bado, na umeshakoma, vilevile. Mkwe simwoni uso.
Mwalimu kauliza: "Haya mama fundi, fundi ni wewe. Umekoma?"
Mkwe kakohoa. Mara moja.
Mara moja ni ndiyo au ni bado? Hatukupatana!