Safari ya Mwisho ya Lori Langu

Baba Adrian na wanangu,

Maharage yameiva, yaungeni tu. Vitunguu vya uani vigeuzeni jua likiwaka. Laptop msiitafute, nimeondoka nayo.

Asubuhi nimeiwasha nimalizie safari ya mwisho kwenye gemu langu la malori. Safari moja tu! Nacheza peke yangu, sishindani na mtu, halafu linagoma kufunguka: eti hakuna intaneti, haliwezi kuhakiki kama nimelinunua. Mimi! Niliyelinunua kwa jasho la vitunguu! Adrian, nilikuona unacheka. Vyombo vya leo ni vyako.

Intaneti hapa Ruaha Mbuyuni imekatika tangu jana, ila Iringa ipo. Antoni, dereva wetu wa vitunguu, anapeleka mzigo huko sasa hivi. Anapiga honi nje, nadandia lori lake. ~~Narudi jioni.~~ Narudi nikimaliza.

Nimemwambia napanda lori nikaombe ruhusa ya kuendesha lori. Amecheka mpaka machozi. Anasema tukishaumaliza mlima Kitonga ataniachia usukani kidogo, maana lori lake halijawahi kumuuliza intaneti.

Msinisubiri kula.

Mama yenu, dereva